Theluji Niliyoirundika Ukutani

Eskil,

Tanuru la kupasha nyumba joto limewaka. Usilifungue tena! Skrubu ulizozisaza ziko kwenye kikombe. Supu ya njegere iko jikoni.

Asubuhi, nyumba ilipopoa kama barafu, nilikurushia neno kwamba marehemu baba yako asingetuacha tugande. Ukashuka chini kimya hadi kwenye tanuru, ukalifungua, ukalifunga, mikono ikakufa ganzi. Kumbe halikuwa na ubovu. Natoka kwenda kazini, naliona bomba lake la moshi limezibwa na theluji niliyoirundika ukutani jana, mimi mwenyewe. Nikafukua, tanuru likanguruma.

~~Hata baba yako asingelifikiria bomba.~~ Sikupaswa kumtaja.

Umelala na koti, sikuthubutu kukuamsha. Jioni nigombeze, mume wangu. Usininyamazie kama ulivyoshuka zile ngazi.

Mkeo,
Marit