Wametukataza Majembe

Binti yangu wa probesheni,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo usitafute salamu ndefu hapa. Sisi wazima, ng'ombe wazima. Mkono wangu umezoea usukani wa trekta kuliko kalamu, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Shambani haikuwa hivyo. Mbulumbulu nzima inajua: ngano ikilimwa na mimi, ukisimama mwanzo wa mfereji unauona mwisho wake. Basi soma hivyo hivyo, na usinicheke.

Mwanangu Paskali alirudishwa mbele ya hakimu. Si kwa kunywa! Nakuambia mapema usije ukalia bure huko ulikohamishiwa. Hajagusa gongo tangu ulipomshika mkono. Walimrudisha kwa sababu ya majirani.

Unaikumbuka siku ya kwanza ulipotumwa na mahakama kuja kumsimamia? Mvua ilikuwa imenyesha, bodaboda imekumwaga njiani, umejaa udongo mwekundu mpaka kwenye nywele. Nikakuambia, "Kama umekuja kumfunga, mfunge. Kama umekuja kula, ugali uko jikoni." Ukasema, "Nimekuja yote mawili, baba, ila nianze na ugali." Nikajua huyu Mchaga ana akili. Ukakaa jikoni kwenye kigoda, ukamwuliza Paskali swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza, si polisi, si padri, wala mimi. Ukamwuliza, "Kiu inakuja saa ngapi?"

Akafikiri. Akasema, "Jioni, dada. Magari ya watalii yanaposhuka kutoka geti la hifadhi."

Mimi nilikuwa sijui. Niliona mwanangu amefukuzwa udereva wa watalii, nikadhani ni uvivu. Kumbe kila jioni akiyasikia yale magari yanashuka kutoka kreta, anawaona wenzake wanagawana bahashishi na kwenda kunywa, na miguu yake inakwenda yenyewe. Ukaniambia, "Baba, saa hiyo apewe ng'ombe awapeleke kunywa maji." Nilikasirika. Mimi nifundishwe kulea na mtoto wa juzi? Lakini nilimpa ng'ombe. Nao walinenepa, waulize watu.

Ukazunguka nyumba kwa nyumba. Kwa mzee Tluway, jirani yangu, ulisimama mlangoni ukasema, "Babu, msimpe hata ya kuonja." Tluway akakujibu, "Hata ya kuonja mimi mwenyewe sina, labda uninunulie." Mkacheka. Hiyo ndiyo kazi. Ulimpeleka Paskali kwa mnasihi wa hospitali, ukamngoja nje. Siku Paskali asipokuja, ulimfuata wewe nyumbani.

Siku ya kuaga ulinishika mkono pale barabarani, ukasema, "Baba, asiachwe peke yake." Hayo ndiyo maneno yako. Sikuyaongeza wala kuyapunguza.

Sasa sikiliza walivyoyafanya.

Hakimu alikuwa amempa Paskali, badala ya kifungo, adhabu ya kuchimba makinga maji kwenye mteremko nyuma ya zahanati. Unaujua ule mteremko, mvua moja inabeba udongo wote mpaka bondeni. Sasa niambie, ni lini umeona Mwiraqw anachimba mteremko peke yake? Kwetu mtu akiwa na kazi kubwa, anaita majirani. Wanakuja na majembe, wanapanga mstari, jioni wanapewa pombe. Ndivyo baba yangu alivyolima, ndivyo nilivyolima mimi kabla sijapanda trekta.

Nikaenda kuwaita. Mimi, kwa mdomo wangu huu. Nikasema, "Njooni zahanati, na pombe hakuna, kuna uji wa ulezi." Tluway akanitazama kama nimepata homa. "Yaani unaniita kwenye jembe kwa uji? Nimezaa mimi?"

Nikamwambia, "Kama huwezi kushika jembe bila pombe, sema nikuletee chupa ya kunyonyea."

Walikuja wote. Wanaume waliokuwa hawajawahi kuweka jembe chini bila kupewa kibuyu, siku hiyo walikunywa uji kwenye vikombe vya plastiki, wakilalamika kwamba sukari ni kidogo. Na Paskali katikati yao anachimba, anaimba! Binti, ulipaswa kuwepo. Makinga yale yalinyooka kama kamba. Nilisimamia mwenyewe, ndiyo maana.

Ndipo akatokea afisa mpya, huyu aliyechukua kiti chako. Tangu afike alikuwa anamsimamia Paskali kwa simu: "Upo? Unachimba? Haya." Siku hiyo akaamua kuja kwa miguu yake, akaona umati na vikombe, akadhani ni sherehe ya pombe. Nikampa kikombe anuse. Akanusa. Akasema hata kama ni uji, adhabu ni ya mtu mmoja, na "hawa wote wamemtumikia mfungwa wangu." Mfungwa wake! Akaenda kuomba Paskali apelekwe gerezani, eti amewatuma watu kufanya adhabu yake.

Mahakamani nilisimama bila kuitwa. Hakimu akasema, "Mzee, kaa." Nikamwambia, "Mheshimiwa, nimekaa tangu asubuhi. Niliyewaita watu ni mimi, na ningewaita tena. Afisa wako wa kwanza alisema asiachwe peke yake, huyu wa pili anataka aachwe peke yake. Ninyi serikali mna maafisa wangapi kwenye mdomo mmoja?" Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, lakini aliandika.

Hakumfunga. Akasema Paskali arudie kazi, sehemu ya juu ya mteremko, peke yake, na jirani yeyote asiguse jembe. Akikiuka, gereza. Mimi nilitaka kuendelea kusema. Paskali akanivuta koti. "Baba, basi. Nitachimba, mheshimiwa."

Nilirudi nyumbani sikula. Si kwa kazi, mwanangu ana mgongo wangu. Niliogopa ile saa ya jioni. Pale juu ya mteremko barabara ya getini inaonekana yote. Amesimama peke yake, amechoka, na magari yanashuka na vumbi lake. Adhabu gani hii, inayompeleka mgonjwa mahali ugonjwa wake unapopita kila jioni, halafu inawafukuza wauguzi?

Kesho yake nikabeba sufuria ya uji nikaenda. Nikamkuta Tluway amefika kabla yangu, amekaa nje ya uzio wa zahanati. Wengine wakafuata. Hakuna aliyebeba jembe. Tukakaa tunaongea na Paskali, yeye ndani anachimba, sisi nje tunamkosoa. "Hapo umepinda!" "Baba yako angekufa kwa aibu!"

Afisa akaja. "Hawa wanafanya nini?"

Tluway akamjibu, "Tunakaa."

"Mmekatazwa."

"Tumekatazwa majembe. Midomo hukutuambia."

Akazunguka uzio mzima akitafuta jembe. Hakuliona, akaondoka.

Jioni magari yakaanza kushuka. Moja likapiga honi, lazima ni rafiki yake wa zamani. Paskali akainua kichwa, akasimamisha jembe, akatazama kule barabarani. Sisi wote kwenye uzio tukainuka. Hata Tluway, ambaye akishakaa hainuki bure. Gari likapita.

Paskali akageuka. "Baba, huo uji mnakunywa wenyewe?"

Nikampitishia kikombe juu ya uzio. 

Kazi bado, na sisi tunakwenda kila siku mpaka aimalize. Wakubwa wako uwaambie hivyo, na uwaambie ni mimi niliyesema. Wewe huko uliko kaa vizuri, ule, usipande bodaboda kwenye mvua. Kigoda chako hapa jikoni hajakikalia mtu.

Baba yako wa Mbulumbulu,
aliyekulisha ugali ukiwa na udongo kichwani.