Wifi, Nije?

Viroqua, Wisconsin
Jumapili, 1 Oktoba 1978

Wifi yangu Ardith,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi, maana huku tumeshaanza kuwasha moto. Kifua kinaendeleaje? Mwanao Corliss ameniandikia kwamba ulilazwa siku nne. Wewe hukuniambia hata neno, na kwa hilo nimekununia. Mimi ni mzima, isipokuwa goti, ambalo linajua mvua itanyesha lini kuliko redio.

Nina shida. Sikukuu ya Shukrani inakuja na watu ni walewale: Orville Tesch, Delphine, akina Sundby, na wengine wetu tusio na watoto karibu wa kula nao. Tangu tuianzishe meza hii, miaka ishirini na sita, mimi nimepamba na wewe umepika. Ulipohamia huko Tucson kwa Corliss kutafuta hewa kavu, Delphine akashika jiko, na kwa miaka mitatu nyama yake tumeimeza kwa msaada wa maji. Sasa Delphine kavunjika mkono. Wamenitazama mimi.

Unanijua. Mimi ndiye niliyemchoma bata mzinga pamoja na mfuko wa karatasi wenye maini ndani yake, na kaka yangu Harlan, Mungu amrehemu, akautafuna kidogo ili asiniaibishe. Hajawahi kutokea mume mwema kama huyo uliyenipokonya. Basi nifundishe kwa barua. Nataka upishi mwepesi, wa mtu mwenye goti bovu na akili kidogo.

Miti ya mepo imekuwa myekundu. Nimeokota majani na kuyabana ndani ya kitabu cha simu ili yasijikunje.

Wifi yako,
Verna


Tucson, Arizona
9 Oktoba 1978

Wifi Verna,

Salamu nimezipokea, na kununa kwako pia. Mimi ni mzima wa kukaa. Wa kusimama bado. Sikukuambia kwa sababu ungeanza kulia kwenye simu, nami siku hizi nikiongea kwenye simu nakohoa mpaka Corliss ananinyang'anya mkono wa simu.

Haya, kaa chini uandike. Mtoe bata kwenye friza Jumapili, si Jumatano. Mweke sehemu ya chini ya friji, polepole atayeyuka. Alhamisi ya sikukuu, asubuhi, tia mkono tumboni mwake, utoe huo mfuko. Rudia: utoe huo mfuko. Kisha ingiza vidole kati ya ngozi na nyama ya kifua, upake siagi humo ndani, si juu. Tumboni tia kitunguu kimoja na tofaa moja, basi. Funika, weka kwenye oveni, halafu ondoka jikoni. Kosa la Delphine ni kwamba anafungua mlango kila baada ya dakika tano kama anayemchungulia mtoto mchanga. Moto wote unatoka, nyama inakauka.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Miaka yote hiyo ulidhani bata alikuwa anaiva kwa nyimbo ulizoimba ukipamba.

Hapa hakuna jani linalodondoka. Watu wanatembea mikono wazi, na jirani yetu amepamba mlango kwa mahindi ya plastiki. Nimemsamehe.

Wifi yako,
Ardith


Viroqua
17 Oktoba 1978

Wifi yangu,

Natumaini kifua kimetulia na unakula. Goti langu linakusalimu.

Nimejaribu maarifa yako kwa kuku. Siagi chini ya ngozi, kitunguu, tofaa. Nikatoka jikoni nikakaa sebuleni nimejishika mikono isije ikafungua oveni yenyewe. Orville alikuja kurudisha ngazi, nikamkaribisha. Alikula akamaliza, akauliza kama umerudi. Sijapata kusifiwa hivyo maishani mwangu.

Baada ya kuondoka nilikaa nikawaza. Sasa nije nikuulize: nikiiacha meza mwaka huu, nipande ndege nije tule wote huko kwako, wewe na Corliss na mimi, unaonaje? Hawa watapata pa kula. Miaka miwili hatujaonana, Ardith. Nije?

Wifi yako,
Verna


Tucson
25 Oktoba 1978

Wifi,

Sijambo kiasi. Wewe je, na goti?

Usithubutu kuja. Uwaache watu saba bila chakula kwa ajili ya mwanamke mmoja anayekula supu? Hapana. Usijisumbue. Kaa huko uandike meza.

Boga ni rahisi kuliko yote. Likate nusu mbili, toa mbegu, weka siagi na kijiko cha sukari ya kahawia kwenye kila shimo, uliweke kwenye oveni bata akishatoka na kupumzika. Yale matunda madogo mekundu machachu ya kuliwa na bata, usinunue ya kopo. Chemsha na sukari na ganda la chungwa mpaka yaanze kupasuka yenyewe, kisha zima moto. Yataganda yakipoa. Viazi ponda na maziwa ya moto, si ya baridi. Hayo tu. Watu hudhani sikukuu ni kazi kubwa kwa sababu wanaipika yote siku moja. Wewe matunda yapike Jumanne, pai Jumatano, Alhamisi ubaki na bata wako.

Nimechoka mkono. Niambie umepamba vipi.

Ardith, wifi yako


Viroqua
5 Novemba 1978

Wifi Ardith,

Salamu, na pole. Mwandiko wako umelala upande mmoja, nimeuona.

Meza itakuwa hivi. Kitambaa ni shuka lako jeupe lile uliloniachia. Katikati nitapanga maboga madogo nitakayoyachimba na kutia mshumaa ndani, na mahindi makavu yenye punje za rangi rangi. Kwenye kila sahani jani la mepo lenye jina la mtu kwa wino mweupe. Sikutumia senti isipokuwa ya wino. Delphine amesema ni meza ya kitabuni. Amekaa hapa wiki nzima na mkono wake wa plasta akiniamuru, ni kama kuishi na jogoo.

Corliss alinipigia simu juzi. Hakusema mengi ila alisema, "Shangazi, mama amepungua sana." Kwa hiyo nakuuliza tena. Ndege zipo. Sundby anaweza kunipeleka uwanjani. Nije, wifi?

Wako,
Verna


Tucson
13 Novemba 1978

Wifi Verna,

Huu ni mwandiko wa Corliss, maneno ni yangu. Salamu kwa wote mezani.

Nimeshasema hapana. Safari ni ndefu na goti lako bovu, na hapa hakuna cha kufanya ila kunitazama nikilala. Nani atawapikia? Delphine? Usijisumbue kabisa.

Ngozi ya bata ikianza kuwa nyeusi mapema, mfunike kwa karatasi ya foili.

Wifi yako,
Ardith


Viroqua
Alhamisi, 23 Novemba 1978, alasiri

Wifi yangu,

Sikusalimii leo kwa urefu, utanisamehe. Watu bado wako hapa. Wanaosha vyombo, wanabishana nani akaushe, na mimi nimejifungia chumbani na karatasi.

Bata ameiva. Hilo ulijue kwanza. Alikuwa na majimaji mpaka mfupani, na tumboni hapakuwa na mfuko. Mishumaa iliwaka ndani ya maboga, watu wakasoma majina yao kwenye majani, Delphine akatoa machozi akasema ni moshi. Kila mtu alisema anachoshukuru, na wanne walikutaja. Nilifurahi. Nataka kukuambia ukweli wote leo, na huo ni sehemu yake: nilifurahi sana.

Kisha nikaleta pai ya boga. Nikamuuliza Orville kama nimkatie. Akasema hapana, ameshiba. Nikamuuliza tena, akasema hapana, nisijisumbue. Nikamuuliza mara ya tatu, akasema, "Basi, kipande chembamba tu," akasogeza sahani. Hakuna aliyecheka, maana sote ndivyo tulivyo. Mama zetu walitufundisha kwamba anayekubali mara ya kwanza ana njaa, anayekubali mara ya pili ana tamaa, na mtu wa heshima hukubali mara ya tatu. Ndiyo maana mwenye nyumba huuliza mara tatu, la sivyo mgeni ataondoka na njaa na kosa ni la mwenyeji.

Nilisimama pale na kisu mkononi, pai ikinisubiri. Nilihesabu. Nilikuuliza mwezi wa kumi. Nilikuuliza mwezi huu. Mara mbili, Ardith.

Ningeweza kusema nilisahau. Lakini mimi nimezaliwa huku na kuzeekea huku, siwezi kusahau jambo hilo zaidi ya kusahau jina langu. Jibu lako la pili lilipofika niliketi jikoni nikamshukuru Mungu. Niliogopa. Nilimuuguza Harlan pamoja nawe wiki zile za mwisho, nikaona alivyokuwa akivuta pumzi, na sikutaka kuiona tena sura ile kwako. Kwa hiyo nilichukua hapana yako kana kwamba ni hapana, nikaenda kuchimba maboga. Nimekuwa mwoga, na nimejificha nyuma ya meza uliyonifundisha kuiandika.

Ningekupigia simu sasa hivi, lakini najua kuongea kunakuumiza. Na siwezi kuja bila wewe kusema, utadhani nimekuja kukuzika. Orville ataipeleka barua hii posta kesho mapema. Sanduku langu liko kitandani, nimeshatia nguo.

Nakuuliza mara ya tatu. Wifi, nije?

Verna wako


Tucson
Jumanne, 28 Novemba 1978

Wifi yangu,

Corliss anaandika.

Ndiyo. Njoo.

Nilianza kuogopa kwamba hutauliza. Niliposema hapana ile ya pili nilitaka kuongeza neno, nikaona haya. Nikawa nasubiri mtu wa posta kila siku kama msichana. Corliss akaniuliza, "Mama, si umwambie tu aje?" Nikamjibu, "Kwani wewe umekulia wapi?"

Kuhusu kuogopa, hata mimi naogopa. Tutaogopa wote wawili, ni afadhali.

Corliss anataka akupigie simu leo akuambie. Nimemkataza. Wewe umeniuliza kwa barua, nami nataka ukishike kitu mkononi chenye jina langu. Siku nne za posta si nyingi. Njoo na koti jepesi, na usijisumbue kuleta chochote.

Chini hapa nimeandika mwenyewe.

Wifi yako
Ardith


Viroqua
Jumamosi, 2 Desemba 1978

Wifi Ardith,

Barua yako imefika leo saa nne asubuhi. Nimeisoma mlangoni bila koti, theluji ikiniingia kwenye viatu vya ndani, na mtu wa posta akaniuliza kama ni habari njema. Nikamwambia ndiyo.

Corliss alipiga simu jana. Alisema ulituacha Alhamisi jioni, umelala, bila kelele. Nilikaa na simu sikioni hata baada ya yeye kukata.

Nimekukasirikia. Simu ilikuwa karibu nawe, na ulikuwa na mtoto mwenye sauti nzima. Neno moja lingetosha, na Jumatano ningekuwa nimekaa kitandani pako. Nimejikasirikia zaidi. Ningeweza kuja mwezi wa kumi bila kuuliza, nikabisha hodi, ukanitukana, ukanifungulia. Tulikuwa na miezi miwili, tukaimaliza kwa adabu.

Nimeiangalia sahihi yako. Herufi ya mwisho imeteremka mpaka ukingoni mwa karatasi. Nimekaa nayo asubuhi yote na sijawasha hata jiko.

Orville alikuja, nikamwonyesha. Aliisoma mara mbili, akakunja, akanirudishia, akaniambia anakwenda kupasha gari moto.

Kabla hajarudi nilimpigia Corliss. Masikini, amechoka, sauti imemkauka. Akaniambia mazishi yatakuwa madogo, watu wachache tu, na barabara zetu zina barafu. Akasema, "Shangazi, usijisumbue." Ni mtoto wa huku kweli, hata jua la Arizona halijamtoa adabu hiyo.

Sikumuuliza mara ya pili wala ya tatu. Nilimwambia nakuja, na kwamba nitafika kesho, na kwamba asiandae chochote.

Barua hii siipeleki posta. Nakuja nayo.

Wifi yako,
Verna