Jina Chini ya Bati

Winterthur, 2 Aprili 2003

Mpendwa Baba,
Shikamoo. Mimi sijambo, ila kikohozi cha baridi hakijaniacha. Miwani mipya imekufaa?
Mwaka huu nataka tulenge shabaha pamoja kwenye mashindano ya mwezi wa tano. Natafuta bunduki ya mtumba, ya jeshi, ya zamani kama yako. Nitazame nini?
Mwanao, Regula

Linthal, 9 Aprili

Mwanangu,
Marahaba. Mimi mzima, mbuzi pia. Miwani ni mizuri. Jumamosi nimepata alama sitini na moja kwenye kulenga shabaha, wazee wenzangu wamenuna.
Mulika ndani ya mtutu. Ukiona vidoa vyeusi, iache. Namba zilizochongwa kwenye chuma zilingane zote. Muuzaji akikuharakisha, ondoka. Bati la kitakoni mwa bunduki usilifungue, skrubu za zamani hukatika.
Siku ya mashindano nitakuja na gari kukupokea stesheni.
Baba yako

Winterthur, 26 Aprili

Baba,
Nisamehe, leo naanza bila salamu. Nimenunua, kwa muuzaji mmoja wa Chur. Mtutu safi, namba zinalingana. Nikafungua bati, maana wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kila askari huficha pale karatasi yenye jina lake. Imeandikwa kwa penseli: Balz Zweifel, Linthal. Jina lako, mwandiko wako.
Muuzaji anasema mzee aliyeileta mwezi wa kumi na moja alipapasa meza nzima kutafuta kalamu iliyokuwa mbele yake.
Hizo alama sitini na moja umezipata kwa bunduki gani? Unaona, Baba? Na kama huoni, nani anaendesha gari kwenye zile kona za mlimani? Naogopa. Nijibu upesi.
Regula

Winterthur, 5 Mei

Baba,
Simu hupokei. Jirani yako Fridli ameniambia umeparuza ukuta wa kanisa kwa gari, ukasingizia breki. Usije stesheni na gari, nakuomba. Niandikie hata neno moja.
Mwanao

Linthal, 12 Mei

Mwanangu Regula,
Kikohozi kimepona? Herufi zangu ni kubwa, usinicheke.
Katikati ya macho pana doa. Ninapotazama ndipo lilipo. Nikilenga, shabaha haipo. Nikitazama pembeni, inarudi. Niliuza bunduki ili wenzangu wasigundue. Jumamosi naketi nyuma ya banda la kulengea na kusikiliza milio ya bunduki zao, nawaambia bega linauma. Sitini na moja ni za Fridli.
Gari lilinishinda kuliacha. Huku juu milimani bila gari nitakuwa mtu wa kubebwa, na hilo naliona aibu. Lakini Jumanne mke wa mwoka mikate alivuka barabara, sikumwona mpaka alipopiga kelele. Hakuumia. Tangu hapo gari sijaliwasha.
Karatasi iache palepale, andika jina lako chini ya langu.
Funguo za gari zimo ndani ya bahasha hii, pamoja na ule wa akiba. Stesheni nitakuja kwa miguu. Nikikupita, niite.
Baba yako