Moto wa Roketi na Sahani ya Mugeni

Mama yangu wa Masisi,

Maharagi ya ku kilima imeshakomaa? Huku iko baridi, lakini mwili uko muzuri.

Leo, mara ya kwanza tangu nianze staji ya kujifunza kazi hapa ku kiwanda, waliwasha moteri ya roketi. Tulisimama mbali, nyuma ya kioo kinene. Moto ukavuma mpaka ukuta ukatetemeka. Wenzangu wote waliangalia namba. Mimi nikasema kwa Kifaransa, kwa sauti, "Tutapata mugeni," njo vile unasemaga moto ukivuma chini ya chungu. Shefu wa kazi hakuelewa, akaniuliza kama nimeona kitu kibaya ku moteri. Nikasema hapana.

Jioni nikapika maharagi ya mu kopo, nikaweka sahani mbili juu ya meza, moja ya mugeni. Nilijua ni ujinga, lakini niligoja mpaka chakula ikapoa. Huku muntu hapigi hodi bila kupiga simu kwanza. Nikakula yangu, nikarudisha ile ingine mu chungu.

Mama, moto wako ukivuma, uniwekee sahani. Najua sitafika, lakini uniwekee.

Mutoto wako,
Neema