Mashuka Yako kwa Mama Zaina

Namuwongo, Kampala

Mdogo wangu Furaha,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Kikohozi chako kimepungua? Na goti la shemeji linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila macho yanachoka mapema.

Ujumbe wako nimeupata. Barabara inapanuliwa, makaburi ya michikichini lazima yahamishwe mvua zikiisha, la mama halina tena msalaba, na kati ya waliomzika nimebaki mimi tu. Unataka nikuchoree mahali alipolala. Nimechora, lakini mchoro wenyewe sikutumii. Nitakueleza sababu.

Unajua nafanya kazi kwenye ghala la vifaa vya hospitali, karibu na reli. Ni jengo refu. Ukisimama mlangoni, taa za mwisho zinaonekana kama za kijiji cha ng'ambo. Kazi yangu ni kujua kila kitu kimewekwa wapi. Nilipoajiriwa, safu za rafu zilikuwa na herufi na namba, na watu walizichanganya kila siku, bandeji zikitafutwa kwenye magongo. Basi nikaanza kuzipa majina ya njia ya huko kwetu ya kwenda ziwani, ile ipitayo michikichini: kwa Seremala, Kisimani, kwa Mama Zaina. Nilidhani ni mchezo wangu tu, lakini majina yakashika. Siku hizi hata kompyuta ukiiuliza mashuka, inajibu: kwa Mama Zaina, rafu ya tatu.

Mwenzangu kazini ni Akello, mama wa Gulu aliyekulia kambi ya polisi, na Kiswahili chake ni cha huko. Juzi alipita na toroli akasema, "Mzee, huyu Mama Zaina yako analala sana. Shuka yote ni yake."

"Alikuwa na watoto wengi," nikamjibu.

"Siku nikifika kwenu sipotei. Barabara yote najua."

Kuna saa za mchana, mvua ikipiga bati, natembea kati ya rafu na kusikia harufu ya dagaa walioanikwa. Naona ziwa liko pale, nyuma ya maboksi ya glavu. Siku nyingine sijui nimesimama wapi, wala sitaki kujua.

Ndiyo maana ulipoomba mchoro niliuchora bila kufuta hata mstari mmoja. Akello akaja kuchungulia begani kwangu.

"Hii ni stoo yetu," akasema.

"Hapana, mama. Hapa ni kwetu."

"Mama Zaina anakaa upande ya kushoto?"

"Kushoto."

"Lakini mzee, si ni sisi tulimhamisha? Wakati bati ilivuja."

Nikaweka kalamu chini. Mama Zaina wa kwetu alikaa kulia. Wewe utakumbuka, jua la jioni lilikuwa likiingia mlangoni kwake. Tulihamisha mashuka yasilowe, na kichwani mwangu nyumba nzima ikahama nayo. Sijui ni vingapi vingine vimehama hivyo. Ningekutumia mchoro ule, mngemchimbua mama wa watu wengine, na wetu angebaki chini ya lami.

Siku mbili zikapita. Halafu nikawaza hivi: sakafu ya ghala ni saruji, bapa kabisa. Kwa hiyo kila ninachokikumbuka chenye mteremko ni cha kwetu, ghala haliwezi kukigusa. Na mteremko naukumbuka. Nilishika jeneza mbele. Tulipopita michikichi ya mwisho ardhi ilishuka ghafla, uzito wote ukanijia begani, nikakanyaga jiwe pana lililolala ili nisiteleze. Tulimshusha papo hapo, chini kidogo ya jiwe, kwa sababu nilishindwa kuendelea.

Litafute hilo jiwe, Furaha, hata kama limefunikwa na majani. Wasichimbe kabla hujalikanyaga wewe mwenyewe.

Nisalimie shemeji, mwanao yule anayefundisha, na mjomba wetu, ambaye mazishi hayakumkuta nyumbani. Mwambie huwa namwota akiwa na kofia yake. Akello anakusalimu.

Neno moja zaidi. Mtakapompandisha mteremko ule, uzito utawalalia walio nyuma. Nyuma waweke wenye nguvu, na mmoja wao awe wa damu yetu.

Ni mimi kaka yako,
Bahati