Ushahidi Kwamba Mimi Ndimi

Magogoni, Kisauni

Mke wangu Mwanashee,

Mimi ni mzima. Kila barua huanza hivyo, na watu hulipita neno hilo mbio wakatafute habari mbele. Leo nakuomba usilipite. Mimi ni mzima, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Nala, nalala, nakohoa alfajiri kama unavyonijua, na ndevu zaota bila kumwomba mtu ruhusa.

Wewe je, mgongo wakupa nafasi? Na maji nani akuchotea siku hizi, maana mwenye eda hatoki hata kufika kisima cha msikitini? Nauliza kwa haya, kwa sababu eda hiyo ni yangu mimi, nami niko hapa nala mahamri.

Shemeji Omari, najua anayesoma ni wewe, kwani mwenye miwani nyumba nzima ni wewe. Soma kwa sauti na usiruke mstari. Dada yako ana masikio mazuri kuliko macho yako.

Kwanza nieleze nilivyokufa. Fundi aliyefukiwa na kisima kule Mwakirunge jina lake alikuwa Athumani Bakari kama mimi, na kazi yake kuchimba visima kama mimi, ila yeye mtu wa Vanga. Mungu amrehemu, sitamsema. Nasema tu kwamba alishuka kwenye mchanga bila kujengea kuta kwa mawe, jambo ambalo mimi silifanyi hata nikiwa usingizini. Mazishini nilikuwapo. Jeneza la jina langu nimelibeba kwa bega hili. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipoinama kaburini kusoma talakini, yale maneno ya kumfunza maiti, nilitega sikio nisikie maiti ataitwa mwana wa mama gani. Akaitwa mwana wa Mwanahamisi. Nikashusha pumzi. Lingetoka jina la mama yangu, wallahi ningemsogeza yule bwana nikalala mimi, maana mimi si mtu wa kubishana na talakini.

Siku ya pili wakapita watu wawili wa kwetu Faza. Wakaonyeshwa kaburi, wakaambiwa hili la Fundi Athumani Bakari, wakalia, wakapanda gari na mashua wakaja kwenu na msiba. Sasa nakuuliza, Omari. Wale waliona nini? Waliona kifusi cha mchanga. Mimi ndani walinionaje?

Nilipopata habari kwamba nimesomewa hitima, nilikimbilia kwa muuza samaki mmoja wa Kongowea ajuaye kuandika, nikakuletea barua. Jibu lake ninalo hapa, mkono wako Omari, nimesomewa mpaka nimelihifadhi. Wasema: "Ewe usiyemwogopa Mungu, acha kumchezea mjane. Mwandiko wako hatuujui, na jina kila mtu alijua. Eda ikimalizika dada yangu yuko huru, na yupo mtu wa heshima amekwisha uliza." Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo kama umeona haya: "Mwenyewe asema moyo wake haujakubali. Lakini moyo si shahidi."

Mtu wa heshima namjua. Ni yule mshona kofia. Tangu mimi na wewe tuna mwaka mmoja wa ndoa, Mwanashee, yeye apita mlangoni petu akitafuta sindano iliyomwanguka. Mwambieni sindano haiko hapo.

Mtasema, kama yu hai si aje. Ningekuja siku ile ile jibu lenu liliponifikia, nikasimama uani mnipapase. Lakini mimi, niliyeshuka visima vya Kisauni yote mpaka nimesahau hesabu, nikapanda bila kuchubuka ukucha, nimevunjika mguu kwa kuanguka baiskeli. Tena sikuwa nikiendesha, nilipakiwa nyuma na kuku wawili. Kuku wazima. Mimi mguu umo ndani ya plasta, na daktari asema wiki sita nisikanyage chini. Eda yako imebaki wiki tatu. Basi hapo ndipo nilipo: baiskeli imenishinda, na sasa barua ndiyo miguu yangu.

Anayeniandikia safari hii ni Mwalimu Zakaria wa Frere Town, Mkristo, mtu mpole mwenye vitabu kuliko vyombo. Kisima cha nyuma ya nyumba yake nimekichimba mimi, maji yake matamu hata jirani zake wameacha ya bomba. Alikuja kunitazama mguu. Nikamwambia, Mwalimu, niandikie barua ambayo shemeji yangu hawezi kuikataa. Akasema basi leo mimi ndiye Omari, wewe nipe hoja zako. Mwanashee, yule mtu alikuwa Omari kuliko Omari.

Nikasema andika jina langu na la baba na la babu. Akasema jina ndilo lililokuzika. Nikasema nitatia kidole cha wino. Akauliza, Faza wanacho kidole chako kingine wakilinganishe? Nikataja picha, yuko mpiga picha Mombasa ng'ambo, nitapelekwa kwa kiti. Akasema picha yaonyesha kwamba ulikuwa hai siku ya kupigwa, haisemi kama uko hai siku ya kutazamwa. Nikasema basi nitatuma mtu wa kwetu akashuhudie. Akatikisa kichwa. Msiba wenyewe uliletwa na mashahidi wawili waaminifu. Huyu wa tatu ataaminiwa kwa lipi?

Ikawa kila nikitoa kitu, yeye swali lake ni moja tu: watajuaje? Mpaka nikakasirika. Hapa barazani kwetu kila jioni watu wabishana juu ya uhuru. Huyu aapa Mwambao utabaki kwa Sultani, yule aapa tutakuwa Kenya moja, mwingine ameshajua mpaka rangi za bendera. Hakuna aliyeulizwa wajuaje. Mimi peke yangu ndiye naulizwa kama nipo.

Mwalimu akacheka. Akaniambia kulikuwa na mtaalamu mmoja wa zamani huko Ulaya, alijifungia chumbani akaanza kutupa kila kitu anachoweza kukitilia shaka. Alichokiona akakitupa, kwa kuwa macho hudanganya. Alichofunzwa akakitupa, kwa kuwa walimu hukosea. Hata kiti alichokalia alisema huenda yuaota.

"Alikuwa na mke?" nikamuuliza.

"Hakuwa naye."

"Nilijua. Mwenye mke hapewi nafasi hiyo. Enhe, akafika wapi?"

"Akafika pahali ambapo hapatupiki. Akasema, mimi hapa natia shaka, na shaka haiwezi kujitia yenyewe. Lazima yupo anayeitia. Basi nipo."

Nikapiga paja, lile zima. Nikamwambia huyo si mtaalamu, huyo ni mchimba visima mwenzangu. Ndiyo kazi yetu. Watupa mchanga mweupe, watupa mchanga mwekundu, watupa udongo, huachi kutupa kwa sababu kila hicho chaweza kukuangukia, mpaka sururu igonge na ilie kwa sauti nyingine. Hapo ni mwamba. Hapo ndipo wajenga. Na kama alihitaji kitabu kizima kulisema hilo, angekuja Magogoni ningemwambia kabla chai haijapoa.

Lakini nikawaza tena, maana mimi mawazo yangu hayakai. Nikasema, "Mwalimu, huyo, mwamba wake umo ndani ya kisima chake. Yeye kajua kwamba yupo, na mimi najua kwamba nipo, sikuhitaji kuambiwa. Mke wangu yuko Faza. Yeye atasimama juu ya nini?"

Mwalimu alivua miwani akaipangusa kwa shati. Kisha akasema, "Hilo hata hao wataalamu liliwapa taabu." Omari, liandike mlangoni: shemeji yako asiyejua alifu wala be amemnyamazisha mwalimu wa shule.

Nikakaa na neno hilo siku mbili. Nikachimba. Nataka kitu ambacho mimi nakijua, na wewe Mwanashee wakijua, na chini ya mbingu hakuna mwingine. Watoto wetu, nyumba yetu, mahari yako, mtaa mzima wayajua. Magomvi yetu ndiyo kabisa, yalisikika mpaka forodhani. Nikatupa, nikatupa. Halafu nikajishika kipajini nikakuta kovu langu, na sururu ikalia.

Omari, hapa vuta kiti. Waite na walioko uani.

Faza yote yajua kovu hili. Nimepambana na jini wa kisima katika shamba la mjomba wake Mwanashee, jini mwenye macho kama mabeseni, akanipiga kwa kwato, nami nikamshika shingo mpaka akaomba radhi. Nimelisimulia arusini, nimelisimulia matangani, na pembe nilimwongezea ule mwaka wa karamu ya binti yangu Zainabu. Watoto wenu wamelala kwa hadithi hiyo. Kwa hiyo haifai kuwa ushahidi, maana kila mtu wa Faza aweza kuisimulia. Uongo wangu wajulikana na wote. Ukweli wake wajulikana na watu wawili.

Alikuwa chura.

Mshika kamba alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Niko chini peke yangu, gizani, kitu kikanirukia shingoni, baridi, kimelowa. Nikapiga kelele. Sikuita jina la Mungu wala la mama yangu, niliita "Mwanashee", kwa sababu nilisikia viatu vyako vya mti juu, umeniletea wali. Nikapanda vidato vyote bila kukanyaga hata kimoja, na karibu na mdomo wa kisima nikajigonga kipaji kwenye jiwe nililolipanga mimi mwenyewe. Ukanifunga kichwa kwa pembe ya leso yako. Halafu ukavuta ndoo, na ndani amekaa yeye, mdogo, amekunja mikono kama kadhi. Watu walikuwa wanakuja mbio. Wewe ukamtazama yule chura, ukanitazama mimi, ukamrusha majanini, ukasema:

"Basi na awe jini."

Nawe umelifunga mdomoni miaka yote hii. Nikiongeza kwato, wewe waitikia. Nikiongeza pembe, wewe wasema ndiyo, nilisikia mngurumo. Hukunicheka mbele ya mtu hata siku moja. Heshima yangu yote ya kijini ulikuwa umeishika wewe. Leo naitoa mbele ya kaka yako na kila aliyeko uani. Hadithi nzuri kuliko zote nilizo nazo naiua kwa mkono wangu, ili mimi nihesabiwe hai. Marehemu wa Vanga hangeweza kulijua hili. Mzushi hangeweza kulibuni, kwani mzushi hujitia ushujaa. Mwalimu hapa ameweka kalamu chini, amecheka mpaka machozi, nimemwambia aandike na hilo.

Lakini ngoja. Shaka imenifunza na mimi. Jibu litakuja kwa mkono wa Omari, na mimi nitajuaje kwamba umelisema wewe? Siku ile, ili unyamaze, nilikuahidi kitu. Mpaka leo sijakitimiza, na wewe hukunidai. Sikitaji hapa. Kitaje wewe, kwa maneno yale yale, nami nitajua kwamba aliyeko huko ni Mwanashee wangu na kwamba eda imevunjwa.

Nisalimie binti yangu Zainabu, umwambie babu wa mwanawe hana kaburi. Nisalimie shangazi yetu Bi Rukia, ambaye nasikia alilia kuliko wote na akala pilau ya hitima kuliko wote. Kisomo chenu kiwekeni, hakitaoza, siku moja kitanifaa. Omari nakusalimu kwa heshima, ulimlinda dada yako na mtu usiyemjua, na ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Mshona kofia mwambieni nataka moja, ya kichwa kikubwa.

Plasta ikitoka tu napanda gari na mashua. Nguo nitakuja nayo moja. Sururu na mtalimbo naja navyo vyote viwili, na mtu asiniulize nitavifanyia nini pale uani.

Ni mimi mumeo, mwenye shaka kwa hiyo yupo,
Athumani Bakari, mwana wa Mwanamkuu