Waya za Shaba za Mama

Hombolo, Agosti 1913

Kaka yangu Yotham,

Mbukwa! U mzima huko Tabora? Reli inakulisha? Sisi tu wazima, na mbuzi wazima. Asiyejiweza ni mama, na ya mama, kaka, yamenifika shingoni.

Tangu kiangazi cha mwaka jana anajikuna miguu kutwa. Ngozi imekauka mpaka inapasuka, vipele havikauki, na kila anapokojoa sisimizi hao wamejaa. Nilimkokota hadi kwa mganga wa misheni. Akasema ana sukari mwilini, ndiyo inayoharibu ngozi na kutia miguu ganzi, na kidonda kidogo tu kinaweza kuondoka na mguu. Akaagiza aoshe miguu kila siku, akaushe katikati ya vidole, apake mafuta penye ukavu lakini si kati ya vidole, asiote moto kwa kuwa akiungua hasikii, na asali aiache.

Mama aliitikia yote kwa adabu. Kufika nyumbani, miguu motoni, na asali yake anaidai vilevile. Nikisema, ananiuliza tangu lini nimemzaa yeye.

Kibaya zaidi ni zile waya za shaba ulizomvisha miguuni siku unaondoka. Ngozi chini yake ililowa jasho, ikaanza kunuka. Mganga alitaka zikatwe. Mama akasema aliyezivisha ni Yotham, atakayezivua ni Yotham. Nililia, nikafoka, nikamwita mjomba Sila amseme. Wapi! Na wewe miaka mitatu hata mstari mmoja! Kwa kweli nimekukasirikia kuliko yeye.

Sasa ngoja nikuambie nililolifanya. Mwezi uliopita nilishika karatasi tupu, nikaketi mbele yake, nikamsomea barua yako. Ulimwomba radhi kwa kukaa kimya, ukamsihi akubali waya zikatwe na amfuate mganga. Mama alilia, kisha akanyoosha miguu mwenyewe. Nilizikata waya, nikakuta vidonda vitatu. Viwili vimefunga, cha tatu tunakiuguza. Sasa kila asubuhi ananipa miguu niikague, kwa kuwa wewe umeagiza. Asali haigusi. Karatasi ile ameikunja, anailalia.

Nisamehe, kaka. Ila barua yako ilisema pia kwamba unakuja kabla ya mvua. Waya zile zilizokatwa amezisugua zinang'aa, umvishe tena, na kila siku ananiuliza mvua imebaki miezi mingapi.

Mjomba Sila anakusalimu, na wanangu wanakusalimu. Mama hana salamu, anasema atakupa mwenyewe ukifika.

Mimi mdogo wako,
Loisi